Mgeni Aliyetaka Kitabu cha Mwisho

Mkinitaka niwapendekezee hadithi za upelelezi za zamani, nitawapendekezea kwa moyo mkunjufu. Ila kwanza nisikilizeni, maana kabati langu la vitabu lina jambo lake, na jambo lenyewe nimeliona kwa macho haya mawili, hapahapa Bariadi. Asiyeamini asiamini. Mimi ni afisa mifugo, nachanja ng'ombe wa watu, sina muda wa kutunga uongo.

Rafu ya juu ina vitabu sita vya baba yangu, mfululizo mmoja. Mpelelezi wake ni muuza kahawa wa mji wa pwani, enzi Wajerumani wanajenga reli. Watu wanasema siri zao mbele yake kana kwamba hayupo, naye anamimina kahawa na kusikiliza. Cha kwanza kinasuasua mwanzoni, vumilieni. Cha tatu, jamani, kitawanyima usingizi. Cha sita ni kifo cha ndugu yake mwenyewe muuza kahawa, na hapo ndipo penye mambo.

Baba alikuwa karani wa stesheni kule kwetu Korogwe. Macho yalipozima na moyo ukaanza kumsumbua, nikamleta huku kwangu. Hospitali walimpima, wakaniambia kwa upole nimrudishe nyumbani akapumzike. Nilielewa, nikalia chooni ili asinisikie. Kila jioni nikawa namsomea barazani. Tulipofika sura ya mwisho ya kitabu cha sita, akanishika mkono.

"Bakiza hiyo, mwanangu. Mtu hafi katikati ya kitabu."

Basi nikawa narudia sura za nyuma, ile ya mwisho siigusi. Wewe ungefanyaje?

Jioni moja, ng'ombe wa jirani wanarudi na vumbi lao jekundu limejaa hewani, wakasimama ghafla. Wote. Wakajigawa pande mbili, vichwa wakavielekeza pembeni, na katikati yao akapita mzee mrefu mwenye kofia pana. Nimeishi na ng'ombe miaka mingi. Niaminini, ng'ombe hampishi mtu namna ile.

"Mwadila, mayu," akanisalimu, salamu ya jioni ya Kisukuma, na mayu ni mama.

"Mwadila, baba. Karibu."

Akakaa kwenye kiti cha kamba, na kamba hazikulia. "Nimesikia unasoma. Nisomee mwisho. Nimekuja kwa ajili ya mwisho."

Nikakifunga kitabu. Lakini baba akageuza sikio, uso ukamchangamka. "Msukuma huyo! Mtani wangu!"

Nao utani huo si wa jana. Sisi Wazigua na Wasukuma tunataniana tangu wapagazi wao walipokuwa wakipita kwetu kwenda pwani. Mtani anakusema mpaka msibani, na hukasiriki. Ndiyo sheria, na yule mgeni nadhani aliijua kuliko sisi.

"Sikiliza, Msukuma," baba akamwambia. "Kitabu si ng'ombe, hakikamatwi mkiani. Mfululizo unaanzwa na cha kwanza. Utauonaje uchungu wa muuza kahawa na ndugu yake humjui? Mwanangu, mpe cha kwanza. Akimaliza arudi."

Mgeni akacheka, taratibu, kwa chini. "Wazigua mna maneno." Akakipokea kitabu kwa mikono miwili. "Wabeja, mayu," akashukuru, akaondoka na vumbi lake.

Kesho yake baba aliomba uji. Keshokutwa akaomba ugali.

Mgeni alikaa na kile kitabu msimu wote wa pamba. Aliporudi mvua ilikuwa inanyesha, na viatu vyake vilikuwa vikavu. Kurasa zilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Akachukua cha pili, baadaye cha tatu, na kila alipokuja walikaa wanabishana ni nani aliyemuua ndugu wa muuza kahawa, baba akimshuku dobi wa mjini, mgeni akimshuku mkalimani, na mwanga wa jioni ukikawia kuzima kuliko siku nyingine. Mimi namimina chai, nusu niko macho, nusu naota. Siku moja baba alimwuliza kwa nini anazipenda hadithi hizi kiasi kile.

"Mimi hufika mambo yamekwisha, mtani," akajibu. "Sijawahi kujua yalianzaje."

Jirani yangu, Mayu Kabula, aliwahi kupita jioni kama hiyo. Kesho yake akaniuliza, "Mayu, jana ulikuwa unammiminia nani chai? Kiti mbona kilikuwa na kitabu tu?"

Nilikuwa nimeshajua mgeni wetu ni nani, na aliporudisha cha tano nikamwambia cha sita kimepotea. Nilikuwa nimekificha kwenye debe la mchele. Baba alinikemea kama mtoto. "Mtani hutaniwa, hadanganywi! Kalete." Halafu sauti ikalainika. "Soma, mwanangu. Soma na ya mwisho. Nimechoka, na mimi pia nataka kujua."

Nilisoma huku machozi yananidondoka kwenye karatasi. Nilipofika kwa muuaji, baba akajipiga kofi pajani.

"Dobi! Nilisema mimi! Mtani, umeshindwa!"

"Nimeshindwa," mgeni akasema, akavua kofia.

Baba alicheka mpaka akachoka. Akaegemeza kichwa, akalala huku bado anatabasamu. Hakuamka tena.

Mgeni aliinuka, akaingia mpaka kwenye kabati, akapitisha kidole rafu ya chini. "Na hivi ni vya nani?"

"Vyangu."

"Nianze na kipi?"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Labda ni Uzigua tu. "Hivyo bado, baba. Mwandishi wake bado anaandika."

Akacheka kile kicheko chake. "Basi nitangoja, mayu."

Baba tulimrudisha Korogwe, tukamzika kwao. Tangu hapo sinunui mfululizo uliokamilika. Dukani Mwanza swali langu la kwanza ni kama mwandishi yu hai, na la pili kama ana afya. Wananiona nimechanganyikiwa, waache. Nanyi pangeni vitabu vyenu kwa mpangilio, na mtu msiyemjua akija jioni kuomba cha mwisho, mpeni cha kwanza, kwa utani na kwa adabu.

Wiki iliyopita muuza vitabu wangu kanipigia simu kwa furaha. Ule mfululizo wangu wa rafu ya chini, anasema, hatimaye umefika mwisho, kitabu kimetoka, aniwekee kimoja? Nimemwambia akae nacho.