Nilivyomzoesha Mtoto wa Dada Kutoniamini

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Watu walishamlaumu mwingine, nami nilikuwa nimesimama palepale, nikanyamaza.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliiachia darasa la sita. Kichwa hakikuwa kibaya, ila siwezi kutulia mahali nikisikia kwingine kuna jambo sijaliona. Nimepakia vitunguu Dumila, nimekuwa saidia fundi, nimelinda maduka ya watu. Mwaka jana nikarudi Morogoro mjini, nikafikia kwa dada yangu. Dada ni muuguzi, analea peke yake binti yake mdogo. Nitamwita Tunu. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza darasa la awali.

Dada hutoka alfajiri. Kwa hiyo Tunu akaandikishwa kwa mama mmoja wa mtaa wa pili, nitamwita Mama Zaina, anayekaa na watoto kabla na baada ya shule. Asubuhi anawanywesha uji na kuwapeleka shuleni, mchana anawarudisha kwake, wanakula na kulala mpaka wazazi waje. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka Tunu asubuhi. Hiyo tu.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba ni zito. Tunu alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Nikisema chai ni ya moto, haigusi.

Siku ya kwanza alilia mlangoni kwa Mama Zaina mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia, "Kaa hapa na wenzako. Mjomba naenda dukani kukuletea biskuti, narudi sasa hivi." Akanyamaza. Alipogeuka kutazama wenzake, nikachomoka.

Nilijiona mjanja. Nani hajamtoroka mtoto? Hata sisi bibi alitutoroka hivyohivyo akienda shamba, na tumekua.

Kesho yake Mama Zaina akanisubiri getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjomba Tunu, jana ulimwambia unakwenda wapi?"

"Dukani."

"Basi amekusubiri na begi mgongoni. Hata kula amekula nalo. Sikiliza, kwangu mtoto anaagwa. Mwambie unaondoka, mwambie nani atamfuata, na atamfuata mtoto akishafanya nini, kula au kulala. Akilia alie, mimi nipo."

"Nitamwachaje analia, mama? Mimi si katili."

Akacheka. "Katili si wewe. Wewe mwoga wa kelele."

Niliitikia, na asubuhi iliyofuata nikatoroka tena. Na nyingine. Baada ya muda Tunu akaacha kulia, nami nikajisifu kwa dada, "Si unaona? Ameshazoea."

Hakuwa amezoea. Baadaye Mama Zaina alinieleza kwamba mtoto alikuwa anacheza huku macho yapo getini, na anabana mkojo ili nisije nikarudi nikamkosa.

Halafu nikasikia kwamba Matombo kuna fundi amefunga dinamo ya baiskeli kwenye kijito na nyumba yake inawaka taa. Unanijua sasa. Nikamuaga dada kwa simu. Tunu nikamwachia maneno yaleyale ya dukani, nikapanda gari. Njia ilikuwa mbovu, nikalala hukohuko.

Yaliyotokea nilisimuliwa.

Mchana muuza mkaa aliingiza gunia kwa Mama Zaina, geti likabaki wazi. Tunu akatoka, akaenda dukani moja kwa moja. Akauliza, "Mjomba wangu yupo?"

Mwenye duka akadhani mtoto ameongozana na mkubwa. Akamtania, "Mjomba wako mzururaji yule? Kapanda gari la Matombo, kule," akaonyesha kwa kidevu upande wa milimani.

Mtoto akashika njia.

Alipatikana jioni. Mama mmoja muuza ndizi alimkuta amekaa kando ya daraja, mvua inaanza, malori ya mchanga yanapita hapohapo. Akamuuliza, "Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Namfuata mjomba. Alisema anarudi sasa hivi."

Niliporudi kesho yake wazazi walikuwa wamejaa uani kwa Mama Zaina. Baba mmoja alikuwa anasema, "Mama, hawa ni watoto wetu au kuku wa kienyeji? Unafungua tu, wakajiokotee?"

Mama Zaina akajibu, "Geti lilikuwa wazi. Kosa langu." Kisha akanitazama. Alingoja. Ningeweza kusema, "Mtoto alikuwa ananitafuta mimi, na mama huyu alinionya." Ni maneno machache. Sikuyasema.

Wiki hiyo wengi wakawahamisha watoto wao.

Nilipomweleza dada ukweli, aliniambia, "Unaniambia mimi ili iweje? Kawaambie wao." Nikaenda nyumba kwa nyumba. Yule baba akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na geti? Nalo ulilidanganya wewe?" Wengine walisema tu wameshapata kwingine.

Tunu sasa haamini hata wasiomdanganya. Dada akiinuka kuchota maji, naye anainuka. Kuna wakati dada alimchukua kwenda naye wodini, kazini wakamwita ajieleze. Aliyekubali kumpokea tena ni Mama Zaina huyohuyo, akiwa na watoto wachache waliombakia.

Miguu inaniwasha, nataka kuondoka. Nikiondoka, nitakuwa nimemthibitishia mtoto alichokiogopa. Nikibaki, kila asubuhi anaongozana na mtu aliyemtoroka. Sijui lipi linamuumiza kidogo zaidi, na sina wa kumuuliza.

Wewe unayeanza kumwachia mtu mtoto wako, muage. Usimwambie ni dukani wakati ni kazini, wala usingoje ageuke ndipo ukimbie. Mwambie, "Ukishaamka mchana, ukacheza, mama atakuja," na kama ni mama, basi awe mama kweli. Atalia. Simama umsikie, kisha uende. Na anayekaa naye akikuonya, ujue yeye ndiye anayeona yanayobaki nyuma yako.

Mimi siku hizi naaga. Nachuchumaa, namtazama machoni, namwambia ninakokwenda na nani atamfuata. Natamani angalau alie. Halii. Ananisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni, kisha anakwenda kumuuliza Mama Zaina kama ni kweli.