Herufi D Katika Nyumba ya Msiba

Kosa ninalotaka kulianika hapa ni la kumhukumu mtu kabla hujajiuliza mikono yako mwenyewe ilikuwa wapi. Nimelisoma katika vitabu vya dini na vya falsafa, na nimelisikia likihubiriwa kwa maneno mazito. Lakini mahali nilipoliona uso kwa uso ni sebuleni kwetu, katika mtaa wa Eastlands ulio mwendo mfupi kutoka Pumwani, mbele ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma.

Hadi leo nikisikia diski kuukuu ikianza kuzunguka, ule mkwaruzo wake wa kusitasita kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo asilotaka kulisema, hujikuta nimerudi sebuleni mle. Pamoja na mlio huo hunijia harufu ya vumbi lililopata joto ndani ya mashine, na ya chai ya tangawizi katika sufuria kubwa ya matanga.

Susu, kama tulivyomwita nyanya yetu kwa Kikamba, alikuwa amefariki wiki ile. Mama alikuwa ametangulia Kitui kuandaa mazishi ya Jumamosi, nasi tukabaki na Baba kuwapokea majirani waliokuja kila jioni kuimba na kuomba. Kazi ya kuandika wasifu wa marehemu ilikuwa ya dada yangu Kanini, aliyekuwa amemaliza sekondari. Tangu Susu alipoanza kuugua, Kanini alikuwa akikaa kando ya kitanda chake, akimuuliza habari za maisha yake, kisha akija sebuleni kuzipiga chapa. Mengi kati ya hayo hakuna mwingine aliyewahi kuyasikia. Susu alipofumba macho, maneno yake yalibaki ndani ya kompyuta ile peke yake.

Baba alikuwa karani mjini, na alipenda kila kitu kiwe na mahali pake. Diski ya kompyuta alikuwa ameigawa mara mbili. Sehemu ya kwanza, iliyoitwa C, ilikuwa ya mashine yenyewe. Ya pili, iliyoitwa D, ilikuwa ya mambo ya nyumba yetu. Aliwaeleza wageni mgawanyo huo kwa fahari, kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi. C ikiharibika, alisema, itafutwa na kuwekwa upya, na D haitaguswa. Wageni walitikisa vichwa na kuongeza sukari katika chai.

Kati yake na Kanini palikuwa na ugomvi. Susu alikuwa amewalea watoto wake kwa kupika pombe ya busaa huko Majengo, enzi za askari kuvamia nyumba na kumwaga mapipa. Aliyasema hayo mwenyewe, akataka yaandikwe. Baba hakutaka.

"Watu watasoma haya wakiwa wameshika sahani zetu," alisema. "Andika alikuwa mfanyabiashara."

"Biashara gani, Baba? Wakiuliza?"

"Mazishini hakuna anayeuliza."

Kanini hakubadilisha neno. Alilalamika tu kwamba D imejaa, haina tena nafasi ya picha za Susu. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Baba alifungua kompyuta akatia diski ya pili, kubwa zaidi, aliyoitoa Eastleigh. Aliporudi alasiri, alibonyeza D ili atoe wasifu wa kumpelekea mpiga chapa. Ndani hamkuwa na kitu. Hamkuwa na wasifu, wala picha, wala hata barua zake za kanisa. Ulikuwa weupe mtupu.

Siku nzima ile Kanini ndiye aliyekuwa nyumbani.

Nyumba yetu ilikuwa na desturi yake. Kitu kikipotea, Baba aliweka Biblia mezani, na kila mmoja aliiwekea mkono akaapa. Tuliapa kuhusu sukari, tukaapa kuhusu betri za redio, na mara moja tuliapa kuhusu paja la kuku ambalo baadaye ilibainika liliibwa na paka, ambaye hakuapishwa. Alasiri ile Baba aliiweka Biblia juu ya kibodi. Niliapa mimi kwanza. Binamu yetu Muthui, aliyekuwa akiishi nasi, aliapa huku akitazama saa. Ikabaki zamu ya Kanini.

"Sikufuta," alisema. "Sikuiwasha hata."

"Shika Biblia, useme hivyo hivyo."

"Nimekwisha kusema, Baba. Kama neno langu halitoshi, mkono wangu utaongeza nini?"

"Kanini, si uitikie tu hii maneno iishe?" Muthui alimnong'oneza. "Mzee amewaka, na watu wa matanga wako njiani."

"Itikia wewe, kama umechoka."

Baba hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angeipandisha. Alisema kwamba binti yake amekataa kutii, kisha ameamua kuyachoma maneno ya marehemu badala ya kuyarekebisha, na kwamba asiyeishika Biblia hiyo hatapanda basi la kwenda Kitui. Niliona vidole vya Kanini vikikunja pindo la sketi, vikakunjua, vikakunja tena. Yeye ndiye aliyemlisha Susu uji mpaka mwisho, na sasa angezuiwa kumtupia udongo.

Muthui, aliyeona kila tatizo kama dude la kuondolewa njiani, alipendekeza tufute diski zote tupige Windows upya. Pengine mashine ingepona, na wasifu ungeandikwa mwingine, mfupi. Baba alifikiri kidogo, akamkabidhi sidii ya Windows. Nakumbuka kwamba hakubisha.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Mama Salim kutoka Majengo, buibui lake likiwa na vumbi la njia, na sinia la mahamri mikononi. Susu alikuwa amepanga chumba kwa mama mzazi wa mgeni huyu kwa miaka mingi. Mama Salim mwenyewe alikuwa na duka la kupiga chapa kule Eastleigh, na kompyuta kadhaa zilizomzoesha kila aina ya ukaidi. Alitupa pole, akaona Biblia juu ya kibodi, akaona macho ya Kanini, akauliza kulikoni. Baba alimweleza.

"We kijana, toa mkono hapo kwanza," alimwambia Muthui. Kisha akaketi. "Baba Kanini, jana hii D ilikuwa sawa?"

"Sawa kabisa."

"Na leo nani ameigusa mashine?"

"Hakuna. Ni mimi tu asubuhi, nilipotia diski mpya."

Nadhani Baba alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

"Hiyo diski mpya nayo inaitwaje?"

"D. Kazi zetu zinakaa D, nikaona kubwa ndiyo istahili. Haikukubali, kwa sababu jina lilikuwa limeshikwa, nikaliondoa kwenye ile ya zamani. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo."

Mama Salim hakucheka, ingawa mashavu yake yalitaka. "Sasa, ndugu yangu, umeng'oa nambari kwenye mlango wa nyumba yenye watu, ukaipigilia nyumba tupu. Ulitaka vitanda vihame vyenyewe?"

Alifungua dirisha ambalo huonyesha diski kama mistari mirefu ya rangi. Mmoja wa mistari hiyo ulikuwa mzima, umejaa, ila hauna herufi yoyote, kwa hiyo kompyuta haikuuonyesha kwingine. Aliipa diski mpya herufi nyingine, akaurudishia ule mstari D yake. Diski ikakwaruza, ikasita, ikakwaruza tena. Picha za Susu zikarudi, moja baada ya nyingine.

Wasifu ulifunguka. Mama Salim aliuteremsha polepole, midomo ikisoma bila sauti, mpaka akafika mahali ambapo askari wanabisha mlango, na mwenye nyumba anamsukuma Susu uvunguni mwa kitanda chake, kisha anatandaza mkeka wa kuswalia mbele yake na kusali.

"Huyo ni mama yangu," alisema. "Kumbe mmemwandika." Alimtazama Baba. "Msimfute."

Baba aliiinua Biblia akairudisha rafuni. "Kanini," alisema akiwa ametupa kisogo, "piga nguo zako pasi. Basi linaondoka Ijumaa." Hilo ndilo lililokuwa neno lake la pekee. Samahani haikutoka, siku hiyo wala baadaye.

Wasifu ulipigwa chapa kama ulivyokuwa, na Kanini ndiye aliyeusoma kaburini, busaa, askari na yote. Hakuna aliyeuliza kitu. Baba alikuwa amesema kweli katika hilo. Lakini dada yangu hakuigusa tena kompyuta ya nyumbani. Alikwenda kufanya kazi katika duka la Mama Salim, na kabla ya mwaka kwisha alihama nyumba yetu. Kila Krismasi Baba alimwekea kiti.

Utotoni niliamini kwamba Baba alikosea kwa kutojua mashine. Ilinibidi niwe na watoto wangu, na nijisikie nikiwashuku, ndipo nielewe. Palikuwa na mtu mmoja tu nyumbani mle aliyetamani kurasa zile zipotee, na huyo hakuwa Kanini. Baba aliitambua tamaa ile upesi mno, kwa kuwa aliijua; akaikuta usoni pa binti yake kwa sababu hakuthubutu kuitafuta kwake.

Katika ukurasa wa mwisho wa programu ya mazishi, Baba aliwashukuru wauguzi, kanisa, majirani na wote waliotusaidia kwa namna moja au nyingine. Kama kawaida ya kurasa hizo, aliyeturudishia Susu na kumrudishia dada yangu nafasi yake katika basi hakutajwa. Ninamtaja mimi, kwa jina lake kamili: Zuhura binti Athumani.