Ngozi za Mapera na Ushuhuda wa Mama

Shambani kwetu, kwenye njia ya Buluo, mapera huiva yote kwa pamoja na hayamsubiri mtu. Mama aliyachemsha, akachuja mbegu, akautandaza ule uji juani mpaka ukakauka, ukawa ngozi nyekundu unayoikunja kama mkeka. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, waumini wenzake walizimaliza zote. Hizo ndizo zilizotulisha tangu baba aende kuchimba Kolwezi na kusahau njia ya kurudi.

Mwaka jana upepo ulichana plastiki alizotandazia. Kaka yake, tonton wetu, akamletea bashi, turubai zito la bluu.

"Inatoka Shinkolobwe," akasema tonton, aliyewahi kuchimba kwenye mgodi ule wa uranium. "Pale tulikuwa tunafungia mawe. Iko nguvu kunipita minye."

Mama aliliosha mpaka sabuni ikaisha, kisha akamwita pasta aliombee. Pasta akapaka mafuta kwenye pembe zote, akakemea pepo wa mgodini. Nikamuuliza kama uranium nayo iko na masikio.

"Weye!" mama akanifinya. "Kinywa yako itakupeleka mu gereza ya Buluo!"

Kanisani kwetu ukipata baraka ukanyamaza, wanasema umemuibia Mungu. Basi mama alisimama kushuhudia, kitenge kipya kiunoni.

"Bandugu, Mungu iko mukubwa! Sikukuwa na bashi. Kaka yangu akaniletea moja ya Shinkolobwe, sasa mapera yangu inakauka muzuri!"

"Amina" ilianza mbele, ikafia katikati ya viti. Mwanamke mmoja alikuwa anatafuna ngozi yetu. Nilimwona akiitemea kwenye leso, polepole, kwa adabu.

Siku ile hakuna aliyenunua. Shuleni wakaanza kuniita Uranium. Nikawaambia umeme wa bwawa la Koni ukikatika waje kusomea kwetu, nitawaangazia. Walicheka sana. Nyumbani sikuchekesha mtu.

Mama alirudisha turubai, akazika ngozi zote, akatafuta mikeka mipya ya matete, akaanza upya. Wateja walimjibu vizuri tu: "Tutapita kesho, mama." Kesho walipitia ng'ambo ya pili ya barabara.

Siku ya shukrani ya mavuno mama alijaza ngozi mpya kikapuni, akakipeleka mbele mwenyewe.

"Pasta, onja kamoja tu. Bantu bakuone."

Pasta alikiinua kikapu, akakiombea kwa sauti iliyotikisa mabati. Halafu akakishusha.

"Mama, minye niko mu kufunga."

"Amina," mama akasema. Nimelisikia neno hilo tangu tumboni mwake, lakini sikujua linaweza kutoka hivyo.

Baada ya ibada nilizunguka nyuma ya kanisa. Pasta alikuwa na andazi mkononi, sukari kwenye masharubu.

"Pasta, kufunga imeisha?"

"Mutoto, enda kucheza."

Kikapu kilibaki kando ya ngoma mpaka Jumapili iliyofuata, sisimizi wamekwisha kukiona. Tulikibeba nyumbani, mama mbele, mimi nyuma. Nikapukuta sisimizi, nikachukua ngozi moja, nikatafuna mdomo wazi kama mbuzi mbele ya kila tuliyekutana naye. Nikachukua nyingine. Mama, anayenikemea hata nikipiga mluzi, hakugeuka.

Mwaka huu mapera yameiva tena. Nguruwe wa jirani wananenepa kwa yanayoanguka.