Miti ya Sikukuu

Mume wangu Omwenga aliniachia ekari moja nje kidogo ya Isebania, na kaburi lake pembeni. Sikusoma, sikuajiriwa, sikujaliwa mtoto. Mahindi na karanga za shamba hilo zilinilisha miaka sita. Mdogo wake, Machuki, alilitaka, lakini hakuwa na pa kushikia kwa sababu mlimaji nilikuwa mimi.

Kisha redio ikatangaza sikukuu: watu wasiende kazini, wote wapande miti. Machuki akaja akitabasamu.

"Shemeji, kesho tunapanda kwako. Chifu mwenyewe anakuja."

"Kwangu? Mbona kwangu?"

"Umechaguliwa. Wewe pika chai tu."

Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwetu mwanamke hapandi mti shambani. Anayepanda anahesabiwa kuwa mwenye ardhi, na jambo hilo hata mimi nililijua. Ila nilidhani miti ya sikukuu ni ya serikali, haina mwenyewe.

Machuki alipanda mikaratusi sitini katikati ya karanga zangu, chifu akipigwa picha. Mimi nilishuka mtoni mara nane na mtungi wa lita ishirini. Jirani yangu Nyatichi akanitania, "Truphena, leo umekuwa bibi harusi! Hata kiuno hakikuumi?" Nikacheka. Nikaimwagilia miche yote, mmoja mmoja.

Msimu wa kulima ulipofika, Machuki akaingia shambani na jembe la ng'ombe. Nikamshtaki kwa chifu. Wazee wa baraza lake waliuliza mambo mawili tu.

"Nani alipanda ile miti?"

"Machuki," watu wakajibu. Wote walikuwepo siku ile, walikunywa chai yangu.

"Na nani aliimwagilia?"

Wote wakanigeukia.

"Basi mama, kwa kuimwagilia wewe mwenyewe ulimkubali kuwa mwenye shamba, mbele ya watu. Sasa unalia nini?"

Nikasema nitaing'oa. Chifu akaniambia mti wa siku ya taifa haung'olewi, na nikiugusa nitalala ndani.

Nikabaki na nyumba na kiraka cha sukuma wiki mbele ya mlango. Hata kaburi la Omwenga sasa naliona kwa kuchungulia katikati ya miti, ambayo imenifika kifuani.

Haukupita mwaka, sikukuu ikatangazwa tena. Machuki alikuja na vijana wawili na miche ndani ya karai. Safari hii mashimo yalianzia hatua tatu kutoka mlangoni pangu, juu ya sukuma zangu.

"Shemeji, maji!" aliita, kama mtu anayeagiza hotelini.

"Mto uko palepale. Jichotee."

Alicheka, akapanda vivyo hivyo pakavu, akaenda zake. Jua liliwaka. Nilikaa kizingitini tangu asubuhi nikiangalia majani yakilegea, yakiinama, na kwa mara ya kwanza tangu nizike mume moyo wangu ulitulia kidogo.

Saa kumi mvua ikanyesha.