Kelele za Lori Lisilotembea

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikabaki mkubwa wa nyumba hapa Likasi, na wadogo wanne nyuma yangu. Miaka sita sasa kazi yangu ni kuwasha simuleta, kibanda chenye usukani, viti viwili na picha za barabara, ambamo watu hujifunza kuendesha malori ya mgodi kabla ya kukabidhiwa lori la kweli. Letu halitembei, ila hunguruma kutwa. Mwalimu wa udereva anataka hivyo. Mimi hukaa kiti cha pili, mwanafunzi baada ya mwanafunzi. Vifunika masikio vipo, lakini nikivivaa simsikii mwalimu.

Nyumbani wadogo walianza kunikwepa. Anayenifuata, ambaye huniita yaya, yaani mkubwa wake, aliniuliza, "Yaya, tulikukosea nini? Kila siku iko unatupigia makelele."

Sikuwa na hasira. Nilidhani naongea kawaida, nikaanza kuyashuku masikio yangu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba mpimaji wa kelele anakuja kutoka Lubumbashi, nilimngoja kama mgonjwa anavyomngoja daktari. Lakini kwetu mkaguzi hupokewa kwa namna moja: tunapiga deki, tunavaa makoti safi, na sauti ya simuleta inashushwa hadi nusu. Hakuna anayeona ni uongo. Ni adabu ya kupokea mgeni. Anayeishusha ni mimi. Asubuhi ile mkono wangu uliishusha kabla sijafikiri.

Mpimaji, mama mmoja mpole, alinikalisha, akaning'iniza kinasa sauti kando ya sikio langu, akaandika. Akasema tuko chini ya kiwango cha kelele kinachoruhusiwa. Akaanza kufunga sanduku lake. Nikawaza nani atanipa kazi nyingine, mimi nisiye na diploma. Kisha nikasema, "Mama, hii si sauti ya kila siku. Ngoja niirudishe."

"Weye," mwalimu akasema, "leo ulilala vibaya?"

Nikairudisha. Mama akapima upya, akaandika kwamba tumevuka kiwango. Baadaye nilipimwa masikio. La kushoto limeharibika na halitapona. La kulia linaweza kulindwa.

Sikufukuzwa. Sauti ikaamriwa ibaki nusu, na mwalimu akaninunia wiki tatu. Mpaka leo anawaambia wanafunzi kwamba, kwa sababu yangu, sauti ni ndogo hadi wanajifunza kuendesha friji. Wanacheka. Jioni natoka nimechoka kama zamani, ila kichwa hakivumi tena.