Kitanda Ambacho Misiera Yote Haikukiona

Ukifika Misiera kwenye maduka ukauliza Semahoro yuko wapi, watakujibu kwa swali: kinga yako imeharibika nini? Kinga ndiyo baiskeli kwetu sisi tuliotoka Kongo, na hakuna anayemtafuta Semahoro kwa jambo lingine. Anakaa chini ya turubai lililochanika pembeni, jirani na akina mama wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mikono myeusi kwa grisi. Ni mwembamba, anachechemea kidogo. Wazo likimjia hugonga ulimi, ko ko ko, kama mtu anayeita kuku. Ukisikia ulimi ule, chukua baiskeli yako urudi nyumbani, leo haitatengenezwa.

Namjua tangu nikiwa msichana. Tulitoka Kivu ya Kusini mwaka mmoja, 2004, na hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, tukapewa viwanja vinavyopakana, juu kwenye kilima upande wa kuelekea Ngarama. Yeye alikuja na mkewe Marthe na mama yake mzee. Yule mama alibebwa milimani kwenye ngobyi, kile kitanda cha miti na kamba ambacho wanaume hubeba mabegani. Wanyankole wa huku wanakiita engozi, ni kitu kile kile. Kila walipoteremka, yule mama aliteleza mpaka miguu ikatokeza nje, na walipopanda aliteleza kuelekea kichwani. Alifika salama. Lakini miaka yote aliyoishi hapa hakulalamika juu ya bunduki, alilalamika juu ya miteremko.

Nadhani hapo ndipo kazi ya mwanawe ilipoanzia. Mwaka 2011 Semahoro alichomelea kitanda chenye magurudumu mawili, akakifunga nyuma ya baiskeli ili mtu mmoja aweze kumpeleka mgonjwa bila kuita wanaume wa kijiji kizima. Na kwa kuwa kilikuwa kipya, akakipeleka kanisani.

Hiyo ndiyo desturi ya kanisa letu. Kitu kipya hakitumiki kabla hakijaonekana mbele ya watu siku ya Jumapili. Jembe, mbuzi, cherehani, mtoto mchanga, vyote hupita mbele, tunashukuru, kisha unaenda navyo nyumbani. Anayeficha kitu kipya hujiletea maneno. Basi kitanda kikapita mbele, tukaimba, na wageni waliotutembelea siku ile wakakipiga picha kwa simu zao.

Haukupita muda mrefu, vitanda kama vile vikaanza kuonekana kwa fundi mmoja wa Ruti, kule Mbarara, vimeandikwa jina lake kwa rangi nyekundu. Semahoro hakukasirika. Alisema wagonjwa ni wagonjwa tu, hata wakibebwa na Ruti. Kilichomuumiza kilikuja baadaye. Vile vya Ruti vilichomelewa vibaya, kimoja kikakatika mteremkoni, mama mmoja akavunjika mkono. Na watu wa huku walisema nini? Walisema ni kile kitanda cha Semahoro. Wiki ile hakugusa chakula. Marthe alikuwa akimwekea ugali, sahani inarudi kama ilivyokwenda.

Sasa nije kwenye ndoo.

Mwaka 2013 nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Siku moja nilikuwa nateremka na ndoo ya maji mkononi, napita mbele ya kiwanja cha Semahoro. Akanitazama. Hakunitazama mimi, aliitazama ndoo. Nikasikia ko ko ko. Akaniomba nirudi juu niteremke tena. Nikarudi. Akaniomba nipande, kisha niteremke upande upande. Marthe alitoka jikoni akamuuliza kama mke wa Joël, yaani mimi, amekuwa punda wake. Yeye hakusikia. Alikuwa ameona jambo ambalo sisi wanawake tunaliona kila siku bila kuliona: mtu anainama, mkono unainama, lakini ndoo inayoning'inia kwenye mpini wake hubaki wima, na maji yake hayamwagiki.

Kesho yake alianza kutengeneza kitanda cha pili. Hiki hakikukaa juu ya vyuma, kilining'inia kwenye pete mbili, moja kila ubavu, kama ndoo kwenye mpini wake. Kwanza kilibembea kama kitoto cha mbuzi kwenye kamba. Akakata tyubu kuukuu za baiskeli, akazifunga pembeni kwa namna yake ya kupishana, na kubembea kukaisha. Mlima ukiinama, kitanda kinalala sawa. Alinilaza juu yake ndani ya nyumba yake, akainua magurudumu, akauliza kama nateleza. Nilikuwa nusu nimesinzia.

Mtu aliyemwambia habari ya hataza, ile karatasi ya serikali inayosema kitu ulichokibuni ni chako, ni Conrad. Huyu alikuwa mwanajeshi wa kambi ya Mbarara, na zamani alipopangiwa kazi hapa Base Camp, penye ofisi kuu za Nakivale, Semahoro ndiye aliyemtengenezea baiskeli. Sasa ameacha jeshi, anatengeneza kompyuta karibu na soko la Mbarara. Semahoro alikwenda kumwona, na mimi nikaombwa kumsindikiza kwa sababu nilisoma shule ya msingi hapa Uganda, naweza kusoma Kiingereza kidogo kidogo. Yeye alisoma kwa Kifaransa.

Siku ile sitaisahau. Conrad alifungua kompyuta akatuonyesha michoro ya vitu ambavyo watu wa dunia wamevibuni na kuandikishiwa kwa serikali zao kwamba ni vyao. Mguu wa bandia unaokunja goti. Sindano isiyoweza kutumika mara mbili. Kiti cha gari cha mtoto. Hata kile kipanya cha mezani alichokuwa anakisukuma kwa mkono kilikuwa na mchoro wake na mwenyewe wake. Kila kipande kina namba, na mstari mwembamba unaokwenda kukigusa. Semahoro alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akawa anagonga ulimi mfululizo, mpaka mteja aliyekuwa nyuma yetu akatazama chini kama kuna kuku.

Vitanda vya kufunga nyuma ya baiskeli vilikuwemo vingi, vya Wahindi, vya Wachina. Kile cha kwanza hakikuwa kipya hata kama fundi wa Ruti asingezaliwa. Lakini cha kuning'inia chenye mipira ya kupishana, Conrad alitafuta mpaka chai yake ikapoa, hakukipata.

Akamgeukia. "Mzee, hii ya pili nani ameona?"

"Bibi yangu Marthe. Na huyu."

"Basi iishie hapo. Serikali inataka kitu mpya. Watu wakishaona, kwao haiko mpya tena. Mimi nachora, dada yangu Yayeri iko loya Kampala, yeye atapeleka ombi kwa serikali. Akishapeleka, onyesha hata ng'ombe. Lakini saa hii funika."

Semahoro akasema taratibu, "Conrad, kwetu kintu kipya kisipoonekana mu kanisa, batu banasema ulikiiba. Ao ulikitosha ku bachawi."

"Mzee, chagua. Kanisa ama Ruti."

Tukarudi. Kitanda kikafunikwa shuka la maua la Marthe, kikasimama uani. Na hapo maneno yakaanza. Kitu kirefu kama mtu, kimefunikwa shuka, mwenyewe hataki kisogelewe. Wengine wakasema ni jeneza. Wengine wakauliza la nani. Mama mmoja wa sambaza alihamisha meza yake mbali na turubai la Semahoro, na watu wakaanza kupeleka baiskeli zao kwingine. Mwishowe mchungaji Anatole akapanda kilima kuuliza. Semahoro akamweleza yote: Ruti, kompyuta, Kampala. Mchungaji alifikiri sana. Kilichomshinda ni kwamba kuna serikali inayopenda vitu vilivyofichwa. Lakini alielewa kuwa Semahoro akikosa safari hii, jina lake litabaki kwenye vitanda vinavyovunjika.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata alisimama akatangaza siri ile kwa kanisa zima. Nilikuwa nimekaa mbele na Grâce, mtoto wangu wa kwanza, mapajani, nikaona Semahoro anajishika kichwa.

"Bandugu," mchungaji alisema, "Semahoro iko na kintu. Kisionekane mpaka Kampala iseme. Basi sisi hatutakiona. Hata kikipita mbele ya macho yetu, hatutakiona."

Tukaitika amina. Tangu siku ile, watu wote wa Misiera walikuwa wakipita kwenye njia yetu wakitazama upande mwingine kwa nguvu hata kujikwaa. Mtu anakuja kuomba moto kwa Marthe, anaingia uani kinyumenyume. Vijana waliwachokoza wazee wao: shuka ni la rangi gani? Shuka gani, mwanangu, mimi sijui habari ya shuka.

Uchungu ulinishika kabla michoro haijaisha, mchana, baada ya mvua kubwa. Pikapu iliyokuwa ikibeba wagonjwa ilikuwa imezama kwenye matope njia ya Ngarama, na wanaume wa kubeba engozi walikuwa mashambani wakipanda maharage. Joël wangu alikimbia huku na huku kama mtu aliyepoteza mbuzi. Nilikuwa nimeshikilia nguzo ya nyumba, na toka pale nilimwona Semahoro amesimama uani kwake, mkono juu ya shuka la maua. Ulimi wake haukulia.

Nilijua anachokiwaza. Akikitoa, kitapita katikati ya maduka yote, saa ambayo Misiera imejaa watu. Nikamwita, nikamwambia, "Papa Semahoro, tutatembea polepole. Acha tu."

Akanitazama, safari hii mimi, si ndoo. "Nilikitengeneza juu ya nani, basi?"

Akavuta shuka.

Marthe alitaka kulitandaza tena juu yangu, lakini lilikuwa linaingia kwenye spoku, wakaliacha. Semahoro akapanda baiskeli, Joël akashika nyuma, tukaanza kuteremka. Wewe uliyezaa unajua, mtikisiko mdogo tu ni kisu. Kilima kile kimeinama kama paa la nyumba. Niliona miti ya kahawa inalala upande, niliona mawingu yanahama, lakini mgongo wangu ulikuwa umelala kama niko kitandani kwangu. Hata katikati ya uchungu nilijikuta nafurahi. Nilitaka kumwambia, nikashindwa, nikawa nalia na kucheka.

Tulipokaribia maduka, nilisikia mtu anapiga filimbi, kisha sauti ya mchungaji Anatole: "Wanapita! Geukeni!"

Na Misiera yote ikageuka. Muuza nguo akatazama nguo zake. Kinyozi akatazama ukuta, na mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa, akatazama ukuta huo huo. Akina mama wa sambaza walisimama wamenipa migongo, mabega yao yakitetemeka kwa kicheko. Sikuona uso hata mmoja. Niliona migongo tu, vitenge vya kila rangi, na kwenye migongo watoto wachanga waliofungwa, wakigeuza shingo zao kunitazama kwa macho makubwa. Hao ndio peke yao waliokiona kitanda cha Semahoro siku ile, na hawajui kusema.

"Mukaze, Mama Grâce," mgongo mmoja ukaniambia. "Hatuone kitu, lakini mukaze."

Nilifika Base Camp kwenye zahanati, na mtoto akatoka kabla jua halijashuka, msichana, analia kwa hasira. Tukamwita Miriamu. Semahoro alikuwa nje akifuta matope kwenye pete zake. Joël alipomwambia, alikaa chini kwenye majani yenye maji.

Asubuhi yake alimpigia Conrad simu akiwa na hofu, akaeleza kila kitu bila kuficha. Nasikia Conrad alicheka mpaka akakohoa. Akasema atalala dukani mpaka michoro iishe, na Yayeri aambiwe yote, migongo na watoto, yeye mwenyewe atajua la kufanya. Yayeri alijibu kwamba safari moja ya kumpeleka mjamzito haijaua kitu, ila wasimcheleweshe tena hata siku moja. Wiki ile ile akapeleka. Conrad alipiga simu: ombi limepokelewa, limepewa namba, lina jina la Semahoro. Hataza yenyewe, alisema, huchunguzwa kwa muda mrefu, inaweza kufika hata miaka. Lakini sasa kifunue, mzee. Kifunue tu.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Vitu vipya vilikuwa viwili: Miriamu na kitanda. Mchungaji aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuona kimojawapo. Watu wote wakatikisa vichwa. Kisha Semahoro akavuta shuka, na lo, sijawahi kuona watu wanaoshangaa vibaya namna ile. Kinyozi alishika mdomo kwa mikono miwili. Mama wa sambaza aliyehamisha meza alipiga magoti akisema hajaona kintu kama hiki tangu azaliwe. Marthe, aliyelala na kitu kile uani kwake miezi yote, aliuliza kwa sauti kubwa, "Kumbe iko na pete?"

Kanisa likavunjika kwa kicheko, na Semahoro mwenyewe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu habari za Ruti. Akaniomba mtoto. Akamlaza katikati ya kitanda, akashika baiskeli, akateremka nayo ngazi za mlangoni, moja, nyingine, mbele ya watu wote waliokuwa wakimtazama sasa bila kupepesa. Magurudumu yaliinama, baiskeli ikainama, Semahoro akainama na mguu wake mbovu.

Miriamu alilala sawa. Hakuamka.