Sabufa ya Sabiri

Mimi Swaumu siogopi mtu, kamuulize yeyote pale sokoni Tabora. Mgambo wananiamkia kwanza ndipo waseme walichokuja nacho, na anayechovya kidole kwenye asali yangu bila kuomba anaondoka na maneno yake mpaka nyumbani. Ila mwaka huu nimeijua hofu. Nilikuwa naogopa kisogo cha mjukuu wangu.

Nianzie kwenye redio. Marehemu mume wangu aliniachia redio kaseti, dude kubwa la spika mbili. Zote zilishachanika, moja nimeibandika gazeti kwa gundi, basi ukiiwasha inakwaruza kama mtu anakata bati. Paka anatoka mbio. Binti yangu Yasmini alirudi kwangu kujifungua akabaki, maana mumewe ni utingo wa malori ya Igunga na nyumbani anapita kama mgeni. Kila siku ananiomba, "Mama, tulitupe hili dude." Nami namjibu, "Katupe lako."

Mwanawe Sabiri, ambaye hajafikisha mwaka, alikuwa analala ubavuni mwa redio hiyohiyo, usingizi wa pono. Nikajisifu mtaa mzima. Mjukuu wangu jasiri, hashtuki, hata radi ipige yeye ananyonya tu. Nilijisifu kwa mdomo wangu huu huu.

Asubuhi moja jirani yangu Paskazia, mwenyeji wa Lusu kule Nzega, alikuja kunywa chai. Umeme ulikuwa umekatika, na redio tumeisahau imefunguliwa hadi mwisho. Umeme ukarudi. Lahaula! Ilipiga ukelele, mimi nikajimwagia chai mapajani, Paskazia akaruka kwenye kigoda, Yasmini akapiga yowe. Sabiri alikuwa amekaa mkekani, ameipa redio mgongo, anatafuna mwiko. Akaendelea kutafuna mwiko.

Paskazia alikwenda kuizima mwenyewe. Akaniuliza taratibu, "Mama Yasmini, huyu mtoto ukimwita anageuka?"

"Anageuka!"

"Mpelekeni akapimwe masikio, dada. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Nilimfukuza. Nilimwambia akapime wa kwake, akapime na mbuzi zake akimaliza. Alijifunga kanga yake akatoka bila kunijibu, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Angenitukana ningepona.

Tangu siku hiyo nikawa namnyemelea mtoto ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mwizi. Nasimama nyuma yake, naita, "Sabiri. Sabiri, baba." Kile kisogo chenye nywele laini kimetulia palepale. Naita tena, karibu zaidi. Siku moja nikachukua sufuria na mwiko nikagonga, akageuka! Nikapiga vigelegele, Yasmini akaja mbio na mikono ya unga, tukakumbatiana. Baadaye ndipo nikaona kwamba mlango ulikuwa wazi, na kivuli changu kilikuwa kimempita mbele. Sikumwambia Yasmini.

Lakini na yeye alikuwa anajua anachokijua. Usiku nilikuwa namsikia anavyogeukageuka kitandani. "Mama, twende hospitali."

"Hospitali ya nini? Hii redio ndiyo imemchosha masikio! Hata mimi ningekuwa mtoto ningeyaziba. Apate sauti nzuri, laini, utaona kama hatageuka."

Nilisema kwa ukali ili na mimi niamini. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Pale hospitali wangesema neno moja tu, na neno hilo lingekuja kukaa nyumbani kwangu, lisitoke tena. Bora nibadilishe redio.

Nikaibeba kichwani, ndoo ya asali mkononi, hadi kwa Shomari, anayeuza redio na televisheni za mitumba karibu na stesheni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka mziki usiokwaruza, na mfuko wangu unaujua."

"Kwa mfuko huo, mama, labda nikuuzie waya."

"Wewe Shomari, kikohozi chako chote cha utotoni kiliondoka kwa asali yangu. Usinichezee."

Akacheka, akaanza kuniwashia. Zilizo nzuri nilizitazama tu kwa macho. Za bei yangu zote zilikwaruza, moja ikanifanya nizibe masikio, nayo tukaizima upesi. Nikaanza kukata tamaa. Ndipo akavuta sabufa moja, boksi la mbao la mziki mzito, kutoka chini ya meza, kona imemeguka. "Hii nisikudanganye, mama. Spika zake hizi ndogo zimechoka, sauti nyembamba inatoka kwa shida. Ila besi yake imeshiba."

Akaiwasha. Ilinguruma chini kwa chini, laini, haina mkwaruzo hata kidogo, nikaipata hadi tumboni. Nikafumba macho, nikaegemea meza.

"Mama, unaumwa?"

"Funga mzigo."

Nikamwachia redio ya marehemu, ndoo ya asali iliyotoka Goweko, na kila kilichokuwa kwenye pindo la kanga. Kwenye bajaji njia nzima naomba, Ya Rabi ageuke, ageuke tu, mengine sikuombi tena.

Tuliiweka sakafuni, nyuma ya Sabiri. Yasmini akaweka taarabu kwenye simu yake na kuiunganisha. Mziki ukatoka. Mimi macho yangu yako kwenye kisogo, na kisogo kimetulia. "Ongeza," nikasema. Akaongeza. Hakuna. Nikakaa chini.

Kisha mtoto mwenyewe akageuka kuufuata mpira wake, akaona vitaa vya sabufa vinavyowakawaka, akatambaa mpaka pale. Akashika boksi kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama. Akatulia, macho yamemtoka. Halafu akacheka! Cheko lile la tumboni, na magoti yanakunjika na kukunjuka, anacheza, tena anafuata ngoma vilevile inavyopigwa.

"Anasikia!" Yasmini alipiga kelele. "Mama, anasikia!" Alikuwa analia na kuruka, huku anampigia mumewe simu kwa simu yangu. "Baba Sabiri, mwanao anasikia! Anacheza mziki!" Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nikawa napanga nitakavyokwenda kumringia Paskazia mlangoni kwake, tena na mtoto mgongoni.

Nikamnyanyua tucheze wote. Mikono yake ilipoachia boksi, cheko likakatika.

Mziki ulikuwa unaendelea. Nikamrusharusha, akanitazama mdomo, kisha akatazama chini. Nikadhani nimemkera. Nikamrudisha, viganja vikagusa boksi, akacheka. Nikamnyanyua tena, akanyamaza. Nilimshikilia pale juu, mbali na sabufa, nikimwomba kwa macho acheke, acheke basi hata kidogo, mjukuu wangu. Alinyoosha mikono kulitaka boksi.

"Mlete na mimi nicheze naye," Yasmini akasema, simu iko sikioni, machozi na kicheko vimechanganyika usoni.

Nikampa. Akamzungusha mara moja, akamzungusha tena, akasimama.

"Mama," akasema. "Mbona kanyamaza?"

Mimi Swaumu, mwenye ulimi unaoogopwa na soko zima, safari hii nilijibu kwa mikono. Nikamshika mkono ule wenye simu, nikaitoa simu nikaiweka sakafuni, kisha nikamwinamisha na kukilaza kiganja chake juu ya sabufa. Boksi lilikuwa linatetemeka. Yasmini aliacha kiganja pale, akanitazama, akamtazama mwanawe, na uso wake nikauona unavyoelewa. Huko chini mumewe bado alikuwa anauliza kwa furaha, "Haloo? Haloo, bado anacheza?"